Paka amekula panya wa dawa, na sasa kuna bundi amekaa chini mchana. Nisaidieni

Mama_Karanga · Jumamosi, saa 11 jioni

Wadau habari za jioni, samahani ni refu lakini someni tu hadi mwisho juu niko na presha.

Nakaa Lang'ata, hizi nyumba za kitambo za vigae, na tangu mvua ianze panya wametuhamia kama wamelipa diposti. Wiki mbili zimepita komiti ya esteti ikaleta jamaa wa kupiga dawa, akapita akiweka vitu fulani vya bluu, kama sabuni ya mche imekatwa vipande vidogo, nyuma ya tangi, kwa mitaro, kwa dari za watu, zingine ametupa tu hapo kwa maua bila hata kuficha. Kwa grupu ya WhatsApp tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, hii ni ya panya peke yake, paka na mbwa hawaigusi. Sawa, tukaamini.

Sasa Jumatano nikianika nguo, saa nne asubuhi hivi jua limewaka, nikaona panya anatembea pole pole kama mlevi anatafuta mlango wake. Hata hakukimbia akiniona. Paka yangu Karanga hakuhangaika kumkimbiza, alienda tu akamuokota. Akamla yote pale mlango wa jikoni, akabakisha mkia na kale kamfuko ka tumbo, nyinyi wenye paka mnajua huwa wanakaacha. Nikifagia kakapasuka, na ndani kulikuwa na uji wa bluu. Bluu ile ile.

Nikajiambia basi kama ameacha tumbo, sumu imebaki kwa tumbo, ako sawa. Na kweli Alhamisi alikuwa sawa, Ijumaa sawa, hadi aliiba omena. Leo amelala siku nzima, chakula amenusa akaenda zake. Fizi naona kama zimekuwa nyeupe ama ni macho yangu sijui.

Halafu kuna la pili. Mchana soja wetu ameniita, kuna bundi amekaa chini nyuma ya tangi, wale wa uso mweupe umekaa kama moyo, amefumba macho nusu na kwa mdomo kuna kitu kama damu imekauka. Haruki, ukimkaribia anafungua tu mdomo. Soja alikuwa ashachukua rungu, anasema bundi akikaa uani mchana kuna mtu wa nyumba ya karibu anaenda, na nyumba ya karibu ni yangu, asante sana. Nimemfunika na katoni ya maziwa nikaweka jiwe juu.

Karanga nimpe nini sai? Na huyu bundi ni hii dawa ama ni mambo yake mengine? Juu nimekumbuka pia mbwa wa nyumba ya kona alikufa wiki jana wakasema ni homa ya kupe.

---

Barobaro_Donholm · saa 11:20

Pole mama. Mpe maziwa freshi na yai bichi, na usage makaa kidogo umnyweshe, itavuta sumu yote. Kwetu ushago tunafanya hivyo na mbwa wanaamka. Paka naye ako na roho ya paka, usiogope.

---

Mzee_Kobe · saa 11:31

Huyo bundi aondoke kabla giza. Sisemi ni ushirikina, nasema tu aondoke.

---

Daktari_wa_Kabete · saa 12:05

Mama Karanga, weka hayo maziwa chini kwanza. Mimi natibu wanyama wadogo, nimesomea Kabete, na nimeona hii kesi mara nyingi kuliko ningependa, kwa hivyo ndugu yangu wa makaa anisamehe.

Usingoje Jumatatu. Piga simu sasa hivi kliniki yoyote ya mifugo iliyo wazi usiku na uulize maswali mawili tu: mko na vitamini K1, na mnaweza kupima damu inachukua muda gani kuganda? Wakisema hawana, usimalize mafuta ya gari kwenda huko, piga nyingine. Na mtafute huyo jamaa wa dawa akutumie picha ya pakiti. Si jina alilowaambia, pakiti yenyewe, pale nyuma penye maandishi madogo. Vipande vya bluu vya nta mara nyingi ni brodifakumu ama bromadioloni, lakini mimi sitibu rangi, rangi ni ya kiwanda tu, wengine wanaweka ya waridi, wengine kijani.

Sasa kuhusu tumbo aliloacha. Pole, lakini hapo ulijifariji bure. Kile ulichokiona cha bluu ni chambo ambacho panya alikuwa hajakisaga bado. Alichokuwa amekila siku zilizotangulia kilikuwa kishaingia mwilini na kujificha kwa ini, na ini Karanga alilila. Hizi dawa zinakaa kwa ini miezi, si siku.

Kazi yake ni hii. Mwili unahitaji vitamini K kutengeneza vitu vinavyogandisha damu, na ini huwa lina ujanja wa kuichukua vitamini ikishatumika na kuirudisha kazini tena na tena. Dawa inaziba hiyo njia ya kurudi. Mnyama hahisi chochote, anakula, anacheza, anaiba omena, kwa sababu bado anatumia akiba iliyokuwa kwa damu. Akiba ikiisha, siku ya 3, ya 5, hata ya 7, mshipa mdogo tu ukipasuka hakuna wa kuuziba. Na si lazima uone damu. Wengi wanavujia ndani ya kifua ama tumbo, wewe unaona tu mnyama amechoka, anahema haraka, anachechemea mguu mmoja, fizi zimekuwa rangi ya karatasi. Ndiyo maana watu husema ni kupe. Homa ya kupe nayo huchosha mnyama na kufanya fizi ziwe nyeupe hivyo hivyo. Simhukumu aliyemwona huyo mbwa wa kona, mimi mwenyewe nishawahi kukosea hapo.

Jumatano hadi Jumamosi inaingia kwa hesabu. Lakini nikuambie na upande mwingine usife na moyo: paka ni mgumu sana kwa hizi dawa kuliko mbwa, na panya mmoja mara moja kwa paka mzima mara nyingi hatoshi kumuua. Swali langu ni amekula wangapi kwa hizi wiki mbili. Wewe umemwona mmoja kwa sababu ulikuwa unaanika nguo.

Maziwa hayavuti sumu, hiyo ni hadithi. Maji ya chumvi ya kumtapisha ndiyo mabaya zaidi, nishapokea mbwa ambaye chumvi ndiyo ilimmaliza. Kutapisha kunasaidia saa chache za kwanza baada ya kula chambo chenyewe, na kunafanywa na daktari, leo ni siku ya nne hakuna cha kutapika. Na tafadhali usikimbie agroveti kuchukua ile unga ya vitamini za kuku kwa sababu imeandikwa K. Hiyo ni K3, haifanyi kazi hapa. Unataka K1. Ikianza inaenda mwezi mzima kwa hizi dawa kali, na inapewa pamoja na chakula chenye mafuta ndiyo iingie.

Mpeleke kwa boksi, asirukeruke njiani.

---

Mama_Karanga · saa 12:18

Daktari Mungu akubariki, tumepata moja Ngong Road, tunatoka sai. Jamaa wa dawa simu yake mteja hapatikani.

---

Barobaro_Donholm · saa 12:25

Daktari nimekubali makosa, lakini kuna ile ingine ya unga mweusi wanauza mtaani na spika, "panya, mende, kunguni, viroboto", hiyo panya anakufa hapo hapo unamwona. Si hiyo ni afadhali basi kama hii ya kuchelewa ndiyo inaleta shida?

---

Agroveti_Kayole · saa 2 usiku

Hapo nijibu mimi juu hizi vitu nauza kila siku, miaka tisa.

Kwanza nyinyi watu wa Lang'ata mnanifurahisha. Bundi! Huku kwetu mtoto wa dada yangu alikulwa kidole cha mguu akiwa amelala, miezi saba, asubuhi mamake akapata soksi ni nyekundu. Panya akiingia kwa ploti ya vyumba kumi anakula unga, anakula waya za stima, anakojolea kila kitu. Mtu akija kwa duka langu na hasira hiyo usimwambie mambo ya ndege, atakutemea mate. Kwa hivyo mimi siwezi kusema dawa isiuzwe, nitakuwa mnafiki.

Lakini Barobaro, ile ya spika wachana nayo kabisa. Haina lebo, haina jina, ukimuuliza ni nini anakuambia "ni dawa". Inaweza kuwa dawa ya wadudu wa shamba mtu amepakia kwa karatasi, zile za kutoa povu mdomoni. Hiyo haiui panya peke yake, inaua chochote kimeilamba, kuku, mbwa, mtoto wa kutambaa, na inaua haraka hata hutafika kwa geti. Kitu halali kina lebo na kina namba ya PCPB, wale wa serikali wa kusajili dawa za wadudu na panya. Hakuna namba, usinunue, hata kama ni mashilingi kumi.

Halafu nikuambie kwa nini hii ya kuchelewa ilitengenezwa ichelewe. Panya ni mjanja kuliko mimi na wewe. Akipata chakula kigeni anaonja kidogo, tumbo likimuuma hapo hapo hatarudi tena. Kwa hivyo ile isiyouma ndiyo inamdanganya. Shida ya mteja wa Nairobi ni kwamba hawezi kungoja. Nimemuuzia Jumatatu, Jumanne amerudi ananiambia dawa yangu ni feki panya bado anatembea. Anataka ingine aongeze juu. Mimi namwambia panya wako ashakufa hajui tu. Hanisikii, anaenda kwa wa spika.

Na huyo jamaa wenu alifanya kazi mbaya sana, niseme tu. Chambo hakitupwi kwa maua. Kinawekwa ndani ya boksi la plastiki lenye tundu la panya na kifunguo, kinapigwa na waya ndani ndiyo panya asibebe aende kuacha kwa sahani ya mbwa, na kila siku mtu anapita anaokota waliokufa anazika chini sana ama anachoma. Yeye alilipwa akapotea.

---

Daktari_wa_Kabete · saa 2:40

Agroveti umesema ukweli na nakupa heko kwa lebo. Niongeze moja kwa wasomaji wengine: kuna na ile ya kijivu inayonuka kama kitunguu saumu kilichooza, zinki fosfaidi. Ikikutana na asidi ya tumbo inatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inaua. Mbwa akiila usimpe chakula, chakula kinaongeza asidi, na akitapika kwa gari fungua vioo vyote, juu hiyo gesi inaweza kukudhuru hata wewe. Hiyo haina dawa ya kuiondoa. Ya kutoa povu, ya kutetemeka na mboni za macho kuwa kama ncha ya sindano, hiyo ni kesi ya dakika, kimbia.

Kwa hivyo ya bluu, pamoja na ubaya wake wote, ndiyo peke yake kati ya hizi inayokupa siku za kuwahi. Ni jamaa ya warfarini, ile dawa ambayo wagonjwa wa moyo wanameza. Hadithi yake ilianza na ng'ombe wa Marekani na Kanada miaka ya 1920, walikula majani makavu yaliyooza wakawa wanavuja damu hadi kufa, wanasayansi wakafuatilia majani, 1948 ikauzwa kama sumu ya panya na 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Ile ya kwanza panya alihitaji kuila siku kadhaa mfululizo. Panya wakaizoea, ndiyo zikaja hizi kali ambazo mlo mmoja unatosha. Na hapo ndipo balaa ya wanyama wengine ilipozidi, kwa sababu mlo mmoja unatosha lakini panya hajui, anaendelea kula siku nne zingine. Anakuja kufa akiwa amebeba mara nyingi zaidi ya kile kilichohitajika kumuua.

---

Mswahili_wa_Pangani · saa 3:15 usiku

Hapo pa mwisho daktari ndipo naingia mimi. Dada, na huyo bundi? Mbona watu wote wamempita kama sahani chafu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, niko Pangani mwaka wa ishirini huu, na kazi yangu nje ya kazi ni kuangalia ndege. Uliyemwelezea ndiye bundi wa kukaa na watu, analala kwenye dari, kwenye minara ya misikiti na makanisa, kwenye matangi yaliyotoboka. Nairobi wapo wengi kuliko watu wanavyodhani, sauti yake usiku si ya kulia hu-hu, ni kama mtu anapasua kitambaa. Huko kwetu nyanya alitutisha naye tulale, babewatoto atakuja. Chakula chake ni panya na wadogo zake panya, anammeza mzima, na nywele na mifupa anaitapika baadaye kama kidonge cheusi. Ukipekua chini ya hilo tangi utavikuta hivyo vidonge, vipasue na kijiti, utahesabu mafuvu.

Sasa fikiria. Anammeza mzima. Paka wako aliacha tumbo lenye bluu, bundi haachi kitu.

Na panya gani anashikwa kwanza? Yule aliyechoka. Yule anayetembea kama mlevi. Mwewe, kunguru, nguchiro, kanu wa huko kwenu upande wa msitu, wote macho yao yanakwenda kwa aliye mlegevu, hivyo ndivyo walivyoumbwa. Tunawatilia sumu panya kisha tunawapunguza mwendo, halafu tunashangaa. Na panya waliokufa mkiwatupa jalalani, mwewe anashuka pale pale mbele ya mkokoteni wa taka anabeba, nimeliona kwa macho yangu karibu na Mto Nairobi, aliruka na mkia wa panya umening'inia.

Huyo wako kwa sasa: taulo juu yake, mshike mabawa yakiwa yamekunjwa, chunga kucha si mdomo, kucha ndizo zinazotoboa. Boksi lenye matundu, giza, mahali pa kimya. Usimpe maji kwa sindano, usimpe nyama. Piga KSPCA, lile shirika la kutetea wanyama, wako upande wa Karen, wapo tangu 1910 hao, watakuelekeza kwa watu wa ndege wa kuwinda. Ama KWS, wale wa serikali wa wanyamapori, hapo Lang'ata Road. Usikae naye nyumbani, kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 huna ruhusa hata ukiwa na nia njema.

---

Mzee_Kobe · saa 3:22

Bundi apelekwe hospitali. Haya. Na sisi tusio na SHA, hiyo bima ya afya ya serikali?

---

Mswahili_wa_Pangani · saa 3:40

Mzee wangu shikamoo, cheka tu. Huko New York kulikuwa na bundi mkubwa jina lake Flaco, mtu alikata wavu wa bustani ya wanyama ya Central Park Februari 2023 akatoka, akaishi mwaka mzima mjini akijitafutia panya, watu wanampiga picha kama msanii. Februari 2024 akagonga jengo akaanguka akafa. Walipompasua wakakuta ugonjwa wa njiwa, na sumu za panya za aina hii hii, si moja, nne tofauti. Hakuna aliyemwekea yeye. Kila mwenye nyumba aliweka chake kwa panya wake.

California walizuia sehemu kubwa ya matumizi ya hizi kali kuanzia Januari 2021, British Columbia kule Kanada wakazuia kwa kudumu Januari 2023. Sisemi tuige, Agroveti ana hoja yake ya kidole cha mtoto na mimi sina jibu la kidole cha mtoto. Nasema Lang'ata hakuna aliyeumwa kidole. Walitupa sumu kwenye maua.

---

Mama_Karanga · Jumapili, saa 5 asubuhi

Nimerudi. Sijalala.

Karanga damu yake ilikuwa inachukua muda mrefu kuganda kuliko kawaida. Daktari wa huko alimtoa kidogo tu na sindano nyembamba kabisa na bado pale alipodunga pakaendelea kutoa tone, tone, akashika pamba akahesabu dakika. Kifua ni kisafi, shukrani. Ameanzishiwa K1, leo asubuhi amekula kidogo. Bili sitaisema hapa juu mume wangu pia husoma hizi vitu.

Bundi alikufa usiku. Nilimweka bafuni kwa giza vile uliniambia, saa nane nikasikia kama anakwaruza boksi, asubuhi nilikuta amelala ubavu. Mwepesi sana, mimi nilidhani bundi ni mzito. Nimempeleka hata hivyo, aliyempokea alimpasua akaniita nione, kifua kimejaa damu ambayo haijaganda, kama juisi. Akasema dalili ni hizo lakini hawezi kuapa ni dawa hadi ini lipimwe maabara. Nimemwachia.

Soja aliponiona narudi na boksi tupu akauliza "amekwenda?" nikamwambia amekwenda. Akasema basi msiba umeisha.

---

Kiyateka_Buruburu · Jumapili, saa 10 jioni

Pole dada. Nimesoma yote na naona kila mtu ameongea dawa, hakuna ameongea panya.

Nachunga ploti ya nyumba 24 na nilipewa hiyo kazi panya wakiwa wanapita kwa ngazi kama wapangaji. Mwenye ploti alikuwa anaweka dawa kila miezi mitatu. Wanapungua wiki mbili, harufu mbaya kwa dari wiki ya tatu, wiki ya sita wako hapo tena. Panya mama anabeba mimba kama wiki tatu, anazaa wanane hivi, na kama chakula kipo kwa pipa hao wanane watakula nani atawazuia.

Kitu ya kwanza nilifanya ni unga. Unga wa ngano wa kawaida, nikanyunyiza usiku kwa ukuta wa nyuma, mstari mwembamba tu, asubuhi nikapita na tochi. Unaona nyayo kabisa, vidole vinne mbele na mkia umeburuta katikati. Nikagundua wote wanaingia mahali mawili, bomba la sinki la nyumba ya chini na shimo la waya za intaneti ambalo wale vijana walitoboa wakaacha. Miaka yote hiyo ni mahali mawili!

Tundu ambalo kalamu inaingia, panya mdogo anaingia. Tundu la kidole gumba, yule mkubwa wa mtaro anaingia. Mimi nilijaza ile waya ya kusugua sufuria nikapiga simiti juu, na kwa mitaro nikaweka waya. Simiti peke yake wanatafuna ikiwa bado mbichi, nimeona meno.

Halafu taka. Gari ya taka inakuja Jumanne lakini watu wanaweka nje Jumamosi. Niligombana na mama mmoja hadi hatusalimiani lakini sasa mapipa yako na vifuniko. Kuna mwingine alikuwa anafuga kuku kwa balkoni, chakula imemwagika usiku kucha.

Mwisho ndiyo mitego, ile ya mbao ya kukata, kumi na mbili, imegeuka mdomo ukutani, na kanjugu kamesagwa kidogo kama punje ya haragwe. Usiku wa kwanza saba. Gundi nilijaribu nikaacha, nilishika mijusi watatu na kifaranga mmoja, kifaranga nilimtoa na mafuta ya kupika manyoya yakabaki nusu. Panya kwa gundi naye analia hadi asubuhi, mimi si mtu wa roho nyepesi lakini hiyo kelele hapana.

---

Agroveti_Kayole · Jumapili, saa 11

Huyu sasa ananiharibia biashara na ni ukweli.

---

Mama_Karanga · Jumapili iliyofuata, saa 2 usiku

Naleta habari. Komiti ilikaa jana. Nilienda na picha ya pakiti, jamaa aliituma mwishowe baada ya mweka hazina kumtishia pesa ya mwisho, na ni brodifakumu kweli, asilimia 0.005, daktari alikuwa amelenga. Mmoja akasema asilimia hiyo ni ndogo sana inaweza kudhuru nini. Nikamwambia hesabu, kwa gramu 100 ni miligramu 5, na panya anahitaji gramu moja na nusu hivi ya hicho kipande basi. Nilikuwa nimesoma nikajua nitaulizwa. Mwenye mbwa wa kona alikaa kimya tu mkutano wote, halafu akauliza hizo dalili za fizi ni za aje, nikamwambia. Hakusema kitu kingine.

Wamekubali nusu. Vya kwa maua vimeokotwa, tulizunguka na glavu na tochi mimi na soja, tumepata 31, na vingine vimetafunwa nusu. Vya kwa mitaro wamekataa kutoa, vitawekwa kwa maboksi ya kufunga. Kuziba matundu eti hakuna bajeti hadi mwaka mpya.

Karanga anaendelea na tembe. Anajua kuificha. Jana nimesukuma kiti nikapata mbili zimekauka hapo chini na mafuta ya omena, kwa hivyo turudi kupima damu tena Jumatano.

Na jana usiku nimesikia ile sauti ya kitambaa. Kuna mwingine hapo kwa tangi.

---

Barobaro_Donholm · saa 2:30

Kiyateka, hiyo waya ya mitaro uliweka gani? Ile ya kuku ama kuna ingine?

---

Kiyateka_Buruburu · saa 2:41

Ya kuku matundu ni makubwa, panya mdogo anapita akiimba. Chukua ile ya kuanikia kahawa, hadiwea uitishe kofi trei, wanakata kwa futi. Enda na vipimo vya mtaro na uvae glavu, inakata vidole.